Kabla ya Kila Pigo

Roberta kaninunulia tiketi na bisi,
kaniketisha safu ya katikati, kaninong'oneza:
"Babu, ni ya vita, ya baba na mwanawe,
imepigwa hapa hapa Malta. Ukichoka tutatoka."
Sikuchoka. Nilikaa na kofia magotini
nikiangalia jinsi wengine wanavyokumbuka.

Baba wa kwenye filamu ni mrefu, ana meno yote.
Mwanawe mnono. Mwaka arobaini na mbili, mnono!
Ndege zikipita anamkumbatia, anamwimbia,
kila dakika kumi anamwambia kwamba anampenda,
na muziki unakuja mbio kutoka nyuma ya pazia
usije ukasahau kulia.

Baba yangu, Spiru mchonga mawe wa Bormla,
hakunikumbatia. Alinipa taa nishike.

Handaki kubwa lilikuwa la watu wote,
mia mbili tukipumuliana visogoni,
upele, rozari, mikojo ya watoto.
Serikali ikaruhusu: mwenye sululu na achimbe chumba chake
ubavuni, futi sita kwa sita, kwa jasho lake.
Basi usiku, akitoka gudini kufukua vifusi,
baba alishuka ngazi arobaini na tatu, akavua shati,
akatema mate viganjani.
Mama alikuwa mjamzito. Hilo ndilo lililomharakisha.
Jiwe letu ni laini, rangi ya siagi,
siagi tusiyoionja tangu Krismasi,
nalo hutoa jasho kama mgonjwa wa homa.
Mimi, miaka minane, nilimulika pale aliponionyesha kwa kidevu.

Usiku mmoja nikasinzia.
Taa ikaanguka, chupa ikavunjika,
mafuta ya wiki nzima yakanywewa na vumbi.
Alinizaba kofi. Moja tu, la mkono wenye unga wa chokaa;
alama yake nadhani ilikuwa nyeupe,
lakini nani angeiona?
Nikangoja aniambie nenda kalale.

Hakuniambia. Wala sululu hakuiweka chini.
Nikasikia vidole vinanitafuta gizani,
vikaupata utosi wangu, vikatulia hapo
muda wa pumzi moja,
vikaondoka. Pigo.
Vikarudi. Utosi. Pumzi. Pigo.
Angepigaje bila kujua niko wapi? Sululu haina macho.
Hivyo hadi alfajiri, utosi na jiwe, utosi na jiwe,
mpaka nywele zangu zikakakamaa kwa vumbi.
Mapigo niliyaacha, nikahesabu miguso.
Nilifika mia nne na kitu, nikaanza upya.

Kwenye filamu baba anakufa. Bomu, polepole, na bendera.
Ukumbi mzima ukavuta kamasi. Roberta akanishika mkono.
Wangu hakufa. Aliishi hadi mwaka sabini na moja
akazeeka na kikohozi chake cha machimboni,
akinisogezea chumvi mezani kabla sijaiomba.
Kuhusu kofi hakuniomba radhi. Kuhusu usiku ule hakusema,
nami sikuuliza.
Kuuliza kungekuwa kama kuwasha taa.

(Dada yangu alizaliwa mle mle, Juni, jiwe likimdondoshea maji.
Leo ana duka la vifungo Sliema, mkali kama siki.)

Taa za sinema zikawaka. "Ilikuwa hivyo, babu?"
Nikasema bahari wameipata vizuri.
Ningemwambia nini? Kwamba kipande chenyewe
hakipigiki picha,
kilikuwa giza tupu na sauti ya chuma?

Tukashuka ngazi za nje, hazina mahali pa kushika,
na goti langu bovu. Nikamwekea mkono utosini.
Akadhani nataka kujishikiza, akasimama imara, mtoto mzuri.
Ngazi moja. Nikamgusa.
Ngazi nyingine.